Mimi Ndiye Niliyekula Firigisi

Najua, wanafunzi wa upishi, mnavyonisema huko jikoni, mkidhani masikio yangu yamestaafu pamoja na miguu. Mnasema huyu ndiye yule mama aliyekula firigisi ya mgeni mpaka karamu ikataka kuvunjika. Mmoja wenu aliniuliza wiki iliyopita, kwa aibu, kama ni kweli. Ni kweli. Niliila, niliitafuna polepole, nikaimeza. Nasema mapema ili anayetafuta mama mzee wa kujutia mambo yake akamtafute kwingine.

Naitwa Maman Furaha. Nilizaliwa Bukavu, kwa wazazi wa Kinyarwanda, nikarudi upande huu wa mto Ruzizi, Rwanda, nikiwa mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni. Nimefanya kazi miaka ishirini na saba katika hoteli moja kando ya ziwa, hapa Cyangugu. Nilianza kwa kuosha masufuria. Wapishi walikuwa wanaume pekee, na mwanamke kazi yake ilikuwa sahani chafu na kumenya viazi. Wanaume hao hao, nyumbani kwao, hawakujua hata kuchemsha maji ya chai. Walivua ujuzi wao getini pamoja na aproni.

Aliyenifundisha ni Mzee Ramazani, mpishi mkuu wetu, mtu wa Uvira. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda kelele. Ukiangusha kifuniko hakugombi. Anakuangalia tu mpaka unatamani ungeangusha kitu kizito zaidi, tena juu ya mguu wako. Chakula kilichompa sifa ni kuku wa safari, na ndicho mlichoniomba niwaeleze.

Mzee alisema babu yake aliwapikia wafanyabiashara waliotoka Ujiji na kupanda na bonde la Ruzizi wakiwa na karafuu, mdalasini, iliki na tende. Kuku waliwanunua njiani. Tende zilipowaishia, babu akatia matunda aliyoyakuta: ndizi mbivu, nanasi, chochote chenye utamu. Binyomoro, yale matunda mekundu yenye umbo la yai, aliyaongeza Mzee mwenyewe hapa Cyangugu. Sina karatasi ya kuthibitisha habari za babu. Nilicho nacho ni ladha, na ladha ile haikuzaliwa juzi.

Nasikia kuna mwalimu wenu aliyeandika ubaoni kwamba nyama na matunda havikai pamoja katika utamaduni wetu. Utamaduni wetu sisi nani? Muhogo wenyewe ulikuja kutoka mbali, na leo mtu wa Gashonga akikosa ugali wa muhogo anasema hajala. Nilipovuka daraja kurudi huku niliambiwa mapishi yangu ni ya Kikongomani. Nikiwa Bukavu niliambiwa mimi ni Mnyarwanda. Nikaona bora niendelee kukoroga sufuria, maana lenyewe halikuniuliza kitambulisho. Mwambieni mwalimu aje kwangu nimpakulie. Akimaliza sahani, ndipo tutaongea utamaduni.

Sasa shikeni kalamu. Karafuu ni tatu kwa kuku mmoja. Ukitia sita, wageni watadhani wako kwa daktari wa meno. Kaanga karafuu, iliki na mdalasini kwenye chuma kikavu, bila mafuta, juu ya mbabula, jiko letu la makaa, makaa yakiwa yametulia. Usiende kuzungumza kwenye simu. Harufu ikikufikia puani, ondoa. Ikimfikia jirani, umechelewa. Mdalasini uache mzima, ili uweze kuutoa kabla ya kupakua, maana mgeni akiutafuna atadhani umempa gome la mti wa kuni, na hatakosea sana. Binyomoro mwagia maji ya moto, toa ganda lote kwa kuwa ni chungu, kisha chuja mbegu. Vitunguu vikaange mpaka viwe vya kahawia kabisa, si vile vya rangi ya homa mnavyovitoa siku hizi kwa haraka ya gesi.

Ndizi ni zile ndogo tamu, kamaramasenge. Zinaingia mwisho, mzimamzima, zikae dakika chache tu. Na nanasi, wanangu, nanasi ndilo lililonitoa machozi.

Mzee alikuwa amenifundisha kwamba maji ya nanasi bichi hulainisha nyama ngumu. Kuku wetu walitoka Bweyeye, ambako watu na kuku wote hutembea sana, kwa hiyo mapaja yao yalikuwa kamba tupu. Tuliwapaka nanasi bichi kwa muda wa kumenya ndoo moja ya viazi, basi. Siku moja, Mzee akiwa na ruhusa, nikataka kuonyesha bidii. Nikawapaka nanasi kuku kumi tangu mchana, nikawaacha mpaka asubuhi. Sikuangalia kwamba siku hiyo mnunuzi alikuwa ameleta kuku wa kisasa, wale wanaokaa bandani wakila mpaka miguu inawasahau. Asubuhi nilipomshika mmoja paja, mfupa ukabaki mkononi na nyama ikabaki kwenye beseni. Kuku kumi walikuwa wamegeuka uji. Mzee aliporudi aliangalia beseni, akaniangalia mimi. Nikamwomba anigombe tu. Akasema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Leo bageni banakula supu. Na weye utaikula siku tatu."

Niliila siku tatu. Tangu hapo, kabla ya kumpaka kuku chochote, namshika kwanza paja kama daktari. Nanasi la kuweka kwenye mchuzi nalikaanga kando mpaka kingo ziwe nyeusi kidogo. Nanasi lililopita motoni halina tena ugomvi na nyama.

Jambo kubwa kuliko yote alilonifundisha Mzee ni la firigisi. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mnajua ilivyokuwa kwetu, pande zote mbili za Ruzizi. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba wa nyumba. Mke anaiosha, anaipika, anaiweka juu ya sahani ya mume ionekane. Wakwe wakija na firigisi isionekane, wanajua wamedharauliwa. Mabibi wengi wa zamani hawakula kuku kabisa; walibaki na harufu mikononi. Nyinyi mnacheka. Mama yangu mzazi hakucheka.

Jikoni kwa Mzee, firigisi ilikuwa na kazi nyingine. Ndiyo nyama ngumu kuliko zote ndani ya kuku. Ikiiva yenyewe, vingine vyote vimeiva. Kwa hiyo Mzee alichukua firigisi ya kuku mgumu kuliko wote siku hiyo, akaikata, akaitafuna huku amefumba macho. Akisema imeiva, sufuria linatoka. Akisema bado, hata waziri angesubiri. Anayekula firigisi ndiye anayeamua, na ndiye mpishi mkuu.

Mzee alipozeeka akarudi Uvira, alimwambia mkurugenzi wetu mbele ya watu wote, "Jikoni ni ya Maman Furaha." Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali, kisha akafanya yake. Kazi yote akanipa mimi. Cheo akakiweka kando. Na firigisi akampa Selestini, mkuu wa wahudumu, mwenye tai ndogo shingoni, ambaye hajawahi kuunguza kidole maisha yake yote. Sababu? "Mwanamke hawezi kula firigisi, Maman. Bageni bakisikia, itakuwa nini?"

Basi mimi nikawa napika, Selestini anakuja na kitambaa mkononi, anatafuna, anasema imeiva. Kila siku kwake imeiva. Alikuwa na meno mazuri na haraka nyingi. Siku moja alipitisha kuku ambaye bado ni gogo, sahani nne zikarudi, na mkurugenzi akaja kunifokea mimi. Nikamwambia, "Mufokeye aliyeonja." Akageuka akatoka. Nilikasirika mpaka nikapika maharagwe bila chumvi, kosa ambalo sijalirudia. Hasira ileile ilinirudia mkurugenzi alipotaka kuandika kwenye orodha ya vyakula kwamba kuku wetu ni "kuku wa wafalme". Nilimwambia wafalme wa zamani kuku waliwapasua kutazama bahati, hawakuwatilia nanasi, na kwamba mimi sitamsimulia mgeni uongo huo. Akanijibu kwamba nina kichwa kigumu. Ninacho hadi leo.

Halafu akanipa mtihani. Ilikuwa inakuja karamu ya posa, mchana, siku ya Jumamosi. Familia ya binti kutoka Bukavu ingevuka daraja kuja kula na familia ya kijana wa Kamembe. Mkurugenzi akaniambia waziwazi: "Ikipita muzuri, Jumatatu unakuwa mpishi mukuu, kwa karatasi. Ikiharibika, kuna mwanaume wa Kigali anangoja." Nilikuwa na miaka kumi na nne jikoni. Nilikitaka cheo hicho. Sioni aibu kusema nilikitaka sana.

Mkuu wa wageni alikuwa Papa Mushagalusa, baba wa binti. Kwa heshima yake ulitafutwa jogoo wa Bweyeye, mkubwa, mwenye kucha kama za mtu aliyechimba barabara. Angeandaliwa mzima kwenye sahani kubwa, na firigisi yake juu. Wengine wote wangekula tetea wanne. Nilimshika jogoo yule paja, nikajua kuna kazi. Nikampa nanasi muda wa ndoo mbili za viazi, nikampika taratibu tangu asubuhi.

Saa sita Selestini akaingia.

"Maman Furaha, leo hakuna kuonja. Firigisi ya jogoo inaenda nzima kwa Papa."

"Na nitajua aje kama ameiva?"

"Uangalie na macho."

"Macho haina meno, Selestini."

"Maman, weye ni mwanamuke. Usinileteye matatizo na bantu ya Bukavu."

Nikafikiri. Nikipakua bila kuonja na jogoo akawa mgumu, cheo kimekwenda, na lawama ni zangu. Nikionja, cheo huenda kikaenda vilevile. Lakini basi kiende kwa jambo nililolifanya mimi, si kwa jambo aliloliacha Selestini. Nikazamisha kijiko, nikaitoa firigisi, nikaikata nusu, nikaipuliza, nikaitia mdomoni. Selestini alishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyeibiwa pikipiki.

Firigisi ilikuwa bado. Ilikuwa bado kabisa, ilinirudisha meno nyuma. Nikarudisha nusu iliyobaki sufuriani na nikawaambia wahudumu wawape wageni sambusa. Baada ya nusu saa nikaitoa ile nusu nyingine, nikaila. Safari hii ilikatika kama siagi ya baridi. Kwa hiyo wanaosema niliila hawajui hata hesabu, maana niliila mara mbili.

"Sasa utaweka nini juu ya sahani?" Selestini aliuliza kwa sauti ndogo. "Weka ya tetea. Nani atajua?"

"Miye nitajua. Peleka hivyo hivyo."

Nilisimama nyuma ya mlango kutazama. Jogoo alikuwa mzuri, mchuzi wake mwekundu wa binyomoro unang'aa, ndizi zimemzunguka, wali wa Bugarama chini yake. Papa Mushagalusa akashika uma. Akasogeza nanasi, akasogeza ndizi, akainua bawa, akatazama chini ya wali. Mezani vijiko vyote vikasimama.

"Firigisi yangu iko wapi?"

Selestini alikuwa anatazama dari. Nikatoka na aproni yangu.

"Ni miye nilikula, Papa."

"Weye nani?"

"Miye njo nilipika. Jogoo ilikuwa nguvu. Nilionja juu ya kujua kama imeiva, sababu hakuna njia ingine. Sasa imeiva. Mukule."

Akaweka uma chini, akajifuta mikono ambayo haikuwa imegusa chakula. "Direkteri," akasema, "hapa kwenu banamama banakulaka firigisi ya bageni? Huyu mwanamuke atoke mu hii kazi leo, ao siye tunavuka daraja sasa hivi. Na binti yangu anarudi na siye."

Nikamwona yule binti akimtazama mchumba wake, na moyo wangu ukaniuma. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Mkurugenzi akanisogelea, akaninong'oneza, "Piga magoti uombe pardon."

"Nitaomba pardon kama nyama ni ngumu," nikasema, wala sikunong'ona. "Kuna muntu ameionja?"

Hakuna aliyekuwa ameionja. Nikarudi jikoni. Msidhani sikuogopa. Mwanangu Furaha alikuwa bado yuko shule, na karo yake ilitoka jikoni humo. Mkurugenzi akanifuata na karatasi, akaanza kuandika palepale, kando ya maganda ya viazi, ile barua ya kudai maelezo ambayo sote tuliiita demande. Aliyepewa demande kwa kawaida alianza kufungasha vitu vyake.

"Andika sababu," aliniambia. "Na sababu ikuwe ya maana."

Kabla sijaipokea, mlango ukasukumwa polepole na fimbo. Aliingia kikongwe mwenye kitenge cha zambarau, mama yake Papa Mushagalusa. Jina lake Cibalonza, lakini wote walimwita Koko, yaani bibi. Mezani alikuwa amekaa pembeni na sahani ya wali na maharagwe, kwa sababu alikuwa hali kuku, kama mabibi wale wa zamani. Nikajiandaa kutukanwa.

"Njo weye ulikula?"

"Njo miye, Koko."

Akamtazama mkurugenzi, akatazama mlango nyuma yake, kisha akanikaribia mpaka nikasikia pumzi yake.

"Inakuwaka aje?"

"Nini, Koko?"

"Utamu yake, mu kinywa. Inakuwaka aje? Miye ninapikaka kuku tangu nikiwa mutoto. Firigisi nimeosha, nimekata, nimeweka kwa sahani ya papa yangu. Nimeweka kwa bwana yangu. Nimeweka kwa huyu mutoto mwenye kupiga makelele kule. Sijawahi kutia mu kinywa hata kidogo."

Nikavuta kigoda, akakaa. Nikafungua sufuria la tetea, nikatoa firigisi moja, nikaikata vipande vidogo kwa sababu meno yake niliyaona ni manne, nikamwagia mchuzi na kipande cha nanasi. Nikampa sahani mkononi, kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa.

Kuhusu cheo, nilipewa Jumatatu, kwa karatasi, na mkurugenzi hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza. Posa nayo ilipita, wale watu wawili wana watoto wakubwa sasa. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeonja sufuria langu kwa niaba yangu, na wasichana walioingia jikoni baada yangu niliwapa firigisi siku ya kwanza kabla ya kuwapa aproni. Wewe utakayeambiwa kwamba kazi ni yako lakini uamuzi ni wa fulani, usipoteze maneno. Chukua kijiko.

Turudi jikoni siku ile. Koko alitafuna. Alitafuna muda mrefu, akihamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mkurugenzi amesimama na kalamu hewani. Papa Mushagalusa akafungua mlango akimtafuta mama yake. Akamwona. Nyuma yake vichwa vya familia zote mbili vikajaa mlangoni.

Koko akameza. Akatazama sahani, akamtazama mtoto wake.

"Ni hii tu?"

"Mama..."

"Hii njo mulikuwa munatunyimaka? Ni hii tu?"

"Mama, twende mezani. Bantu banatuangalia."

"Baangalie." Akaninyooshea sahani. "Maman, unipatie ingine."